Mshono wa Desemba na Mshono wa Agosti

Ukutani juu ya kitanda changu kuna maandishi ya chaki ya fundi ambayo sijayafuta tangu Agosti 2023. Mstari wa juu: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Mstari wa chini: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku. Wateja wanaoingia kupimwa nguo huuliza ni ratiba ya nini. Huwa nawajibu kwamba ni saa za vidonge, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo, isipokuwa mteja awe mwanamke aliyezaa kwa kupasuliwa. Huyo huketi.

Mimi ni fundi wa nguo mtaa wa Kaptembwo, Nakuru. Chumba ni kimoja, pazia katikati: huku cherehani, kule kitanda. Nimezaa mara mbili, na mara zote mbili nimepasuliwa. Desemba 2018 mtoto alitanguliza makalio. Agosti 2023 tulijaribu njia ya kawaida, uchungu ukakwama, nikakimbizwa thieta usiku. Kovu ni moja tu, maana wa pili alitolewa palepale alipopita wa kwanza. Lakini mara ya kwanza, siku ya kumi nilikuwa bado natembea nimekunjika kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mara ya pili, siku ya tano nilioga peke yangu nikiwa nimesimama wima. Mwili ni ule ule, tena ukiwa umeongeza karibu miaka mitano. Najua kila upasuaji una yake, na huenda safari ya pili nilikuwa na bahati. Lakini najua pia kwamba mara ya kwanza nilinyamaza, na mara ya pili nilisema.

Ile ya Desemba, sindano ya mgongo ilikuwa imenipa moyo wa bure. Nilimsikia mtoto akilia, nikahisi mikono ikivutavuta tumboni kama mtu anayepekua gunia, na hakuna kilichoniuma. Nilitolewa thieta nikitetemeka kwa baridi, lakini natabasamu. Saa chache baadaye ganzi ilianza kuisha, na tumbo likaamka kabla miguu haijaamka. Ukiwa umelala chali, miguu si yako, na tumboni pana moto, huna pa kukimbilia. Nilimwita muuguzi wa zamu. Alikuwa peke yake na wodi nzima, hilo nilikuja kulielewa baadaye. Aliniambia, "Mama, wewe si wa kwanza kupasuliwa. Vumilia."

Asubuhi shangazi ya mume wangu akaja kuniona na chupa ya uji. Nilipojaribu kugeuka nikatoa sauti. Akasema, "Na hukusukuma hata. Sasa unalia nini?" Hakuwa na ubaya. Alizaa wanane nyumbani, na kwake kuzaa ni kusukuma. Lakini maneno yale mawili, la muuguzi na la shangazi, yaliniziba mdomo. Nikajiona sina haki ya kuumwa kwa kuwa sikuzaa "kikweli". Toroli la dawa lilipopita na kuulizwa "Uko aje, mama?" nilikuwa najibu "Niko sawa." Nilikuwa sawa kweli, mradi nisisogee. Kumbe baadhi ya dawa zangu zilikuwa zimeandikwa zitolewe nikihitaji tu. Anayesema yuko sawa anapitwa. Nilipitwa mara nyingi.

Mtu anayeogopa kuumwa huacha mambo mengi bila kujua. Niliacha kukohoa. Niliacha kuvuta pumzi ndefu. Wenzangu walipoamshwa watembee hadi dirishani, mimi nilijifanya nimelala. Tumbo likajaa gesi likawa gumu kama ngoma, na siku ya pili bega la kulia likaanza kuchoma, nikadhani ni moyo. Haikuwa moyo. Hewa na damu kidogo iliyobaki ndani baada ya upasuaji inaweza kusumbua ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, na kwa kuwa msuli huo unashiriki neva na bega, mtu anaumwa begani ilhali chanzo kiko tumboni. Kutembea ndiko kungenisaidia, na kutembea ndiko nilikokuwa nakukwepa.

Maziwa nayo yalichelewa. Nilidhani ni laana ya kupasuliwa. Leo najua kwamba maumivu makali na wasiwasi huzuia ile homoni inayosukuma maziwa yatoke. Mtoto alikuwa analia, mimi nalia, na kidonge cha kutusaidia wote wawili kilikuwa ndani ya mfuko wangu. Sikukimeza kwa sababu niliogopa kitaingia kwenye maziwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kisu chenyewe.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama yangu alikuja kutoka Vihiga amejiandaa kunikanda kwa taulo la maji moto, kama alivyowakanda dada zangu waliozaa kawaida. Nilimwachia siku moja, kwa heshima. Ngozi iliyo juu ya mshono ilikuwa imekufa ganzi kwa sababu vijineva vyake vilikatwa, kwa hiyo sikusikia kwamba maji yalikuwa moto kupita kiasi mpaka nilipoona malengelenge. Shosho, bibi Mkikuyu wa nyumba ya pili, naye akaleta njahi, yale maharagwe meusi, sufuria nzima, maana kwa Wakikuyu mama aliyezaa lazima ale njahi apate maziwa. Ni chakula cha upendo na kina nguvu. Lakini kwa tumbo lililokuwa bado linahangaika na gesi, usiku ule ulikuwa mrefu.

Halafu ikaja Januari. Fundi yeyote anajua Januari ni nini: sare za shule. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo, ila cherehani yangu haijui sheria hiyo. Wiki ya nne nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mguu kwenye kanyagio, na kila nikikanyaga nasikia mvuto unapita kutoka kwenye paja hadi kwenye mshono. Januari pia ni mwezi wa kiangazi hapa kwetu. Inasemwa jina Nakuru limetoka kwenye neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na mwezi ule niliamini. Vumbi linaingia chini ya mlango, unapiga chafya, na chafya moja baada ya upasuaji ni kitu ambacho sitaki kumweleza mtu anayekula.

Lakini nimeruka jambo. Kabla ya Januari, siku ya tisa, maumivu yaliyokuwa yameanza kushuka yalipanda tena. Usiku nikapata homa na kutetemeka. Leso niliyojifunga ikawa na harufu. Nilikaa siku mbili nzima nikijiambia nivumilie, maana nilishafundishwa. Ni mama aliyenusa, akafungua leso bila kuniomba ruhusa, akaangalia, akasema, "Mwanangu, vaa viatu." Kona moja ya mshono ilikuwa imefunguka na kutoa usaha.

Daktari aliyenisafisha kidonda pale kliniki alikuwa mzee mpole. Alipojua kazi yangu aliniuliza kama nimewahi kushona koti lenye bitana. Nikasema nimeshona mengi. Akaniambia basi nihesabu: ngozi, kisha mafuta, kisha utando mgumu unaoshikilia misuli, kisha misuli yenyewe ambayo kwa kawaida haikatwi bali hutenganishwa kando, kisha utando mwembamba wa ndani, kisha mji wa mimba. "Hili unaloliona nje," akasema, "ni pindo tu." Nilitoka pale nikiwa na dawa za kuua vijidudu na kitu kingine ambacho nilikihitaji zaidi. Kwa wiki mbili nilikuwa najilaumu kwa kuumwa sana na kamstari kasikozidi shibiri. Sasa nilijua nilikuwa nimeshonwa tabaka baada ya tabaka. Ningemwona mteja ana haki ya kulalamika kwa chini ya hapo.

Mimba ya pili ilipofika miezi saba nilimwambia sista wa kliniki waziwazi: "Mara ya kwanza niliumia vibaya na sikusema. Safari hii nikipasuliwa nataka kujua mapema nitafanya nini." Alifunga mlango. Sijui kwa nini kitendo kile cha kufunga mlango kilinitoa machozi.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kujibu. Nisiseme "niko sawa." Niseme namba, kati ya sifuri na kumi, na niseme namba mbili: moja nikiwa nimelala, nyingine nikikohoa au nikiinuka. Ya kulala inaweza kuwa mbili huku ya kukohoa ikiwa nane, na ya kukohoa ndiyo inayoamua kama nitatembea, nitapumua vizuri na nitambeba mtoto. Usiku ule wa Agosti nilimwambia muuguzi, "Nikilala ni tatu, nikikohoa ni tisa." Aliniangalia kidogo kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, akaenda kuleta dawa.

La pili ni saa. Kwa siku za kwanza kidonge hakingoji maumivu. Sista alisema ukingoja yapande hadi juu, kidonge kimoja hakitayashusha, na utakaa saa nzima unasubiri kifanye kazi. Parasetamoli, gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, na visizidi vinane kwa siku moja usiku na mchana. Ibuprofeni ya miligramu 400 kila baada ya saa nane, baada ya kula. Wodini zilikuwa sindano na diklofenaki ya kuingizwa njia ya haja kubwa, vidonge vikafuata. Nilimuuliza mbona mbili na zote ni za maumivu. Akasema zinafanya kazi kwa njia tofauti, kwa hiyo zikienda pamoja zinashika zaidi kuliko moja peke yake, na unahitaji kidogo zile kali. Na zote mbili, kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo sana, mama anaendelea kunyonyesha. Niliandika hilo la mwisho kwa herufi kubwa kwenye kijitabu cha kliniki.

Si kila mtu anapewa hizo mbili. Mwenzangu wa kitanda cha dirishani alikuwa na vidonda vya tumbo, akanyimwa ibuprofeni na kupangiwa vingine. Mwenye pumu, mwenye figo zenye shida, aliyepata presha kwenye mimba, hao wote waseme kabla ya kumeza. Na ukinunua dawa ya mafua dukani, soma pakiti, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani na utajikuta umezidisha bila kujua.

Siku ya sita jirani alinihurumia, akaniletea tramadoli zilizobaki kwa mumewe aliyeanguka na boda. Aliziweka mkononi mwangu kwa upendo kabisa. Nilimshukuru na sikuzimeza. Sista alikuwa amenionya kuhusu tramadoli na kodeini. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba mama anayenyonyesha asizitumie, kwa kuwa kuna wanawake ambao miili yao inazigeuza haraka mno na mtoto anaweza kusinzia kupita kawaida na kupumua kwa shida. Mara nyingine daktari huamua kumpa mama dawa kali kwa siku chache, na hapo yeye ndiye anayesimamia na kueleza mtoto aangaliwe vipi. Dawa ya mume wa jirani haina msimamizi. Baba watoto alizipeleka duka la dawa siku ile ile.

Kuinuka nilifundishwa upya kama mtoto. Usijikunje kutoka chali. Pinduka ubavu, kunja magoti, teremsha miguu, kisha sukuma godoro kwa kiwiko na mkono hadi mwili ukae. Ukitaka kukohoa, kucheka au kupiga chafya, gandamiza mto kwenye mshono kwanza. Baba watoto aliinua kitanda kwa matofali manne, mawili kila upande, na sitasahau tofauti iliyoletwa na matofali yale. Kitanda cha chini humlazimisha mtu kutumia tumbo kila anapoamka, na mama mwenye kichanga huamka mara ngapi usiku? Kwenye matatu ya kutoka hospitali nilikaa mbele, mto tumboni, na dereva nilimwambia mapema kwamba nimetoka kupasuliwa. Alipita kwenye matuta ya Kaptembwo kama amebeba mayai.

Kuna jambo ambalo vijikaratasi vya hospitali havisemi, nami nalisema kwa sababu tunaoishi ploti, vyumba vya kupanga vya uwanja mmoja, ni wengi. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa na mshono wa siku nne, huku tumbo limekaza kwa sababu hujaenda haja tangu upasuaji, ni adhabu. Mara ya kwanza nilikuwa najizuia, na kujizuia kukanifunga choo zaidi. Mara ya pili, kabla sijajifungua, fundi wa mtaa wa Shabab alikitoboa kiti cha plastiki katikati, tukakiweka chooni juu ya tundu. Nilikunywa maji, nikala paipai na mboga, uji wa wimbi mwepesi. Wodini sista alinipa hata chingamu nitafune, nikashangaa, akasema kutafuna kunaamsha utumbo ufanye kazi mapema. Gesi ikatoka siku ya kwanza. Kiti kile cha plastiki kimeshazunguka nyumba tatu za ploti yetu tangu wakati huo.

Kitu kimoja kilinishtua hata nikiwa nimejiandaa. Kila mtoto aliponyonya, tumbo lilikaza kama uchungu wa kuzaa umerudi. Kunyonya kunachochea homoni inayobana mji wa mimba urudi ukubwa wake, na kwa uzazi wa pili mbano huo huwa mkali kuliko wa kwanza. Ni maumivu ya kheri, kwani yanapunguza damu, lakini ni maumivu. Nikawa nameza kidonge changu karibu nusu saa kabla ya zamu ndefu ya kunyonyesha, na kumlaza mtoto ubavuni chini ya kwapa ili miguu yake isiguse mshono.

Mama alikuja tena kutoka Vihiga. Safari hii nilimwambia, "Mama, nikande mgongo na miguu, tumbo tuliache." Nilidhani atakasirika. Alinikanda miguu jioni tatu mfululizo, na nililala kama sijawahi kulala tangu mimba iingie. Leso alinifunga tumboni, si ya kubana pumzi, ya kushikilia tu. Shosho wa njahi nilimwomba alete wiki ya pili. Akaleta.

Wiki ya kwanza ilipoisha nilianza kuruka ibuprofeni ya usiku, kisha ya mchana, na kufikia siku ya kumi na mbili nilikuwa na parasetamoli ya hapa na pale. Hivyo ndivyo yanavyotakiwa kwenda: yanashuka kila siku, hata kama polepole. Yakishuka kisha yakapanda, kama yangu ya siku ya tisa, usihesabu siku mbili. Vivyo hivyo homa, usaha au harufu, damu kuzidi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kukosa pumzi, au kichwa kinachopasuka ukikaa na kutulia ukilala, ambacho kinaweza kuwa kimetokana na ile sindano ya mgongo. Hayo hayana kidonge cha nyumbani. Vaa viatu.

Cherehani nilirudi baada ya wiki nane, na nilishapunguza oda mapema. Hasara ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo; tulikopa kwa chama chetu cha akiba. Hadi leo juu ya kovu pana sehemu kama ya viganja viwili ambayo nikiigusa nahisi nagusa kitambaa, si ngozi yangu. Imepungua, haijaisha.

Mabaki ya vitambaa vya sare siyatupi tena. Nayashona vimito vidogo, vya kushikika kwa mkono mmoja, nikivijaza vipande vilivyokatwakatwa, na mwanamke wa mtaani akikaribia siku zake nampa. Jumatatu iliyopita alikuja binti wa ploti ya nyuma, amepangiwa upasuaji, mtoto wake naye ametanguliza makalio. Alikibonyeza kimto, akakiweka tumboni, akajaribu kukohoa. Akatazama maandishi yangu ukutani kwa muda mrefu, kisha akauliza kama ya usiku ni lazima mtu aamke. Nikamwambia siku za kwanza aamke, au mtu amwamshe. Akaniuliza kama aandike kwenye simu. Nikamkatia kipande cha chaki.